Kuwasha trekta ya dizeli kwenye baridi, na kutumia hita plagi ipasavyo

Injini ya dizeli haina cheche. Dizeli inayopuliziwa ndani ya silinda huwaka kwa sababu hewa iliyobanwa na pistoni imepata joto kali, na asubuhi ya baridi joto hilo ndilo linalopungua. Chuma cha silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) na cha pistoni hulinyonya mara tu linapozaliwa. Oili imekuwa nzito, kwa hiyo stata inazungusha injini polepole, na hewa inapata muda wa kuvuja pembeni mwa ringi kabla haijabanwa vizuri. Betri nayo imepoa: kwenye nyuzi −18 za Selsiasi nguvu yake ya kupiga stata hushuka hadi karibu nusu ya ile ya siku ya joto.

Hita plagi, plagi ya umeme ambayo ncha yake hupata joto kali ndani ya injini, hutibu upungufu wa joto peke yake. Haizungushi injini na haileti dizeli. Ndiyo maana kabla ya kununua seti mpya ni lazima ujue kinachokosekana ni kipi: joto, kasi ya kuzunguka, au mafuta. Plagi nyingi nzima hutupwa kwa sababu ya waya wa chasi (unaounga hasi ya betri na mwili wa trekta) uliopata kutu, na betri nyingi nzuri hulaumiwa wakati rilei ya plagi, yaani swichi ya umeme inayoipelekea umeme, imekufa.

Kwanza jua injini yako ina kifaa gani

Matrekta madogo mengi, hasa yenye silinda tatu na chemba ya awali ambamo dizeli huanza kuwaka kabla ya kuingia kwenye silinda, yana hita plagi moja kwa kila silinda. Utaziona zimejipanga kwenye silinda hedi karibu na nozeli zinazopulizia dizeli, zimeunganishwa vichwani kwa bamba jembamba la shaba au kwa waya. Chemba hiyo ina kuta nyingi zinazonyonya joto, kwa hiyo injini hizi zinaweza kugoma hata kwenye nyuzi 5 au 8, baridi ambayo mtu anaiona ni ya kawaida tu.

Injini kubwa ambazo dizeli hupuliziwa moja kwa moja juu ya pistoni zinashika kwa urahisi zaidi. Baadhi hazina kifaa chochote, baadhi zina hita ya umeme inayopasha hewa kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Matrekta mengi ya zamani yenye injini za Perkins, kama Massey Ferguson 135, yana Thermostart: kifaa kimoja kilichofungwa kwenye manifoldi, chenye waya mmoja wa umeme na kibomba chembamba cha dizeli. Kikipata moto (umeme), koili yake hupata joto, dizeli kidogo hudondoka juu yake na kuwaka, na injini huvuta hewa iliyopashwa na mwali huo. Thermostart isiyofikiwa na dizeli huunguza koili yake haraka, kwa hiyo usiipime ikiwa kavu.

Fordson Major haina hita plagi. Ina kitufe kwenye pampu ya nozeli ya Simms kinachoongeza dizeli wakati wa kuwasha. Mtu asiyekijua anaweza kupiga stata hadi betri ikalala.

Kabla ya kugusa ufunguo

Kaa kwenye kiti. Gia zote ziwe huru, PTO (shafti inayoendesha vifaa vinavyofungwa kwenye trekta) imezimwa, breki ya mkono imevutwa. Hakikisha waya wa kuzimia injini umesukumwa ndani hadi mwisho. Ukibaki umevutwa hata kidogo, pampu haitoi dizeli ya kutosha. Kwenye trekta yenye solenoidi ya mafuta (valvu ya umeme inayofungulia dizeli), sikiliza mlio mfupi wa "tak" unapofungua ufunguo.

Zima taa na kila kitu kinachokula umeme.

Kanyaga klachi hadi chini na uishikilie. Mbali na kuwa swichi ya usalama ya matrekta mengi inadai hivyo, klachi inaitenga injini na giaboksi, ambamo oili ya baridi ni nzito kama asali na huivuta stata nyuma. Faida yake unaisikia papo hapo kwenye mlio wa stata.

Hatua za kuwasha kwa hita plagi

1. Vuta mkono wa mafuta, ule wa kuongeza kasi ya injini, hadi karibu nusu. Kwenye mafuta ya chini kabisa injini baridi hushika na kuzima. Kwenye mafuta ya mwisho hupanda kasi ghafla kabla oili haijafika juu. Trekta zenye pampu ya kielektroniki hazihitaji kuguswa mafuta.

2. Zungusha ufunguo kwenye alama ya kupasha, mara nyingi ni mchoro wa koili, na uhesabu sekunde. Kitabu cha trekta yako ndicho chenye neno la mwisho. Kwa injini ndogo nyingi za chemba ya awali zenye plagi za kawaida, kipimo hiki hufaa: juu ya nyuzi 10, huenda usihitaji kupasha au sekunde chache zikatosha, kati ya nyuzi 10 na −5, sekunde 5 hadi 10, chini ya hapo, sekunde 10 hadi 20. Usizidishe sekunde 20 kwa mara moja kama kitabu hakikuruhusu, kwani ncha ya plagi hufikia nyuzi 800 hadi 1,000 na haikutengenezwa kukaa hapo bila hewa mpya kuipoza.

3. Ukishapasha, piga stata papo hapo. Sekunde tano za kusitasita zinatosha kupoteza sehemu kubwa ya joto uliloliweka. Kwenye swichi nyingi plagi zinaendelea kupata moto wakati stata inazunguka, lakini si zote. Hilo utalipima kama inavyoelezwa chini.

4. Piga kwa sekunde 10 zisizokatika. Usipige vipande vipande vya sekunde mbili mbili: kila ukiachia, injini inasimama na joto lililoanza kujengeka linapotea. Silinda moja ikianza kushika, endelea kupiga hadi injini ijiendeshe yenyewe, mradi hujapita sekunde 15.

5. Isiposhika, achia. Subiri nusu dakika hadi dakika moja ili stata ipoe na betri ijikusanye, kisha pasha tena na upige tena.

6. Baada ya majaribio matatu kamili, simama. Jaribio la nne katika hali ileile huchosha betri bila kuongeza chochote. Sasa ni wakati wa kutafuta kasoro.

Kwa Thermostart utaratibu ni huohuo ila muda wa kupasha ni mrefu kidogo, sekunde 15 hadi 20 kabla ya kupiga. Ikifanya kazi, gusa manifoldi karibu na kifaa hicho: utahisi imeanza kupata joto wakati sehemu nyingine zote bado ni baridi.

Soma moshi kabla hujafungua kitu

Wakati stata inazunguka, mtu wa pili aangalie ekzosi. Hakuna kipimo cha bure kinachoeleza mengi zaidi ya hiki.

Moshi mweupe unaochoma pua, wenye harufu ya dizeli mbichi, maana yake mafuta yanafika na yanapuliziwa lakini hayawaki. Kinachokosekana ni joto au kasi. Nenda kwenye plagi na betri. Usianze kulegeza mipira ya dizeli.

Hakuna moshi kabisa: dizeli haifiki. Plagi mpya hazitabadilisha chochote. Angalia tanki, waya wa kuzimia, solenoidi, filta iliyoziba, au hewa kwenye mfumo. Trekta inayoshika mara moja, ikakimbia sekunde chache na kuzima, kisha ikakataa kabisa, mara nyingi imevuta hewa: usiku dizeli imerudi tankini kupitia mpira uliopasuka au sili ya filta iliyokaa vibaya.

Ikishika kwa silinda moja au mbili, ikatetemeka na kutoa moshi mweupe kwa dakika moja kabla ya kutulia, shuku plagi moja iliyoungua. Dalili hii ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa sababu trekta mwishowe inawaka. Siku baridi ikizidi, haitawaka.

Kupima hita plagi

Usitegemee taa ya dashibodi. Kwenye trekta nyingi taa ile inaongozwa na saa tu: inawaka, inazima, hata kama plagi zote zimekufa. Matrekta ya zamani yenye kikoili kinachong'aa dashibodini ni tofauti, kwani pale plagi zimeungwa kwa mfululizo na umeme uleule unapita kwenye kikoili. Kikoili kisipong'aa, plagi moja imekatika na zote zimepoteza moto. Kikiwaka kwa ukali haraka mno, kuna plagi au waya uliogusa chasi. Plagi hizo za mfululizo ni za volti ndogo sana kila moja. Ukizipa volti 12 moja kwa moja zinaungua mara hiyo hiyo.

Plagi za sasa zimeungwa sambamba, kila moja ikipata volti zote. Moja ikifa, nyingine zinaendelea. Zipime hivi:

Anza na moto unaofika. Weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye bamba la shaba la plagi, nyeusi kwenye chuma safi cha injini. Mtu mwingine afungue ufunguo kwenye kupasha. Unapaswa kuona volti 11 au zaidi. Volti 9 au 10 ina maana kuna kizuizi njiani, mara nyingi ni mguu wa rilei uliochomeka au kiungo chenye kutu. Hakikisha pia kuwa betri yenyewe haijashuka. Sifuri maana yake ni fyuzi, rilei au swichi. Kisha apige stata huku unaendelea kutazama: volti zitashuka, lakini zikipotea kabisa, swichi yako haipeleki moto kwenye plagi wakati wa kupiga, jambo ambalo kwenye baridi kali huleta tofauti kubwa.

Pili, pima kila plagi peke yake. Toa waya hasi wa betri. Fungua nati ndogo za vichwa vya plagi na uondoe bamba la shaba. Usipoliondoa unapima plagi zote kwa pamoja na plagi mfu itajificha nyuma ya nzima. Nati hizi hudondoka kirahisi kwenye kona za injini, hivyo tandaza kitambaa chini. Weka multimita kwenye omu, gusanisha ncha zake kwanza na uandike inachosoma, kwa mfano 0.3, toa kiasi hicho kwenye kila kipimo. Sasa gusa kichwa cha plagi na chuma cha injini. Plagi nzima ya volti 12 kwa kawaida husoma kati ya omu 0.5 na 2 ikiwa baridi. Ikisoma kama waya uliokatika, imekufa. Linganisha zote: plagi inayosoma omu 6 wakati wenzake wanasoma 1 inakaribia kufa hata kama bado haijakatika.

Huna multimita? Taa ya majaribio inatosha kujua iliyokatika. Rudisha waya wa betri, bana taa kwenye chanya ya betri na uguse kichwa cha kila plagi bamba likiwa limeondolewa. Taa ikiwaka, plagi haijakatika. Haitakuambia plagi dhaifu.

Kipimo cha kweli zaidi ni ampea. Ukiwa na mita ya kubana waya, izungushe kwenye waya mkuu wa plagi na upashe: kila plagi ya volti 12 huvuta kwa kawaida ampea 8 hadi 15 ikishapata joto, na zaidi mwanzoni. Silinda tatu zinazovuta ampea 20 pekee badala ya 30 na kitu zinakuonyesha kwamba moja haifanyi kazi.

Kubadilisha plagi bila kuivunja

Hatari kubwa hapa ni plagi kukatikia ndani ya silinda hedi. Ikitokea, mara nyingi hedi inashushwa. Kwa hiyo fungua plagi injini ikiwa na joto, si baridi. Safisha vumbi kuzunguka plagi kwa hewa ya pampu, pulizia mafuta ya kulegeza kutu, na uache yafanye kazi, usiku kucha kama plagi zina miaka mingi. Tumia soketi ndefu inayokaa wima. Ikigoma, izungushe robo mbele, robo nyuma, ongeza mafuta, rudia. Usiongeze urefu wa mpini wa spana.

Ikitoka, itazame kwa karibu. Ncha ya kijivu na iliyonyooka ni nzima. Ncha iliyovimba au kuyeyuka husema imepata moto mrefu mno, labda rilei imegandia, au volti si zake. Ncha iliyoliwa upande mmoja huashiria nozeli inayodondosha dizeli badala ya kuipulizia. Ukifunga plagi mpya bila kurekebisha chanzo, itaungua vilevile.

Toa masizi kwenye tundu kwa kifaa cha kusafishia kilichopakwa grisi ili masizi yanase humo. Nunua plagi kwa namba ya injini, na usome volti zilizogongwa mwilini: zote ziwe za aina moja. Anza kuifunga kwa vidole hadi ikae, kisha kaza kwa spana ya kipimo. Plagi zenye meno ya skrubu ya milimita 10 na 12 huwa karibu na Nm 15 hadi 25, za milimita 8 ni chini ya hapo, fuata kitabu. Nati ya kichwani ni ndogo sana, ikaze taratibu tu. Plagi ya seramiki iliyoanguka sakafuni usiifunge, kwa kuwa ufa usioonekana unaweza kuiangushia ncha ndani ya silinda. Usiijaribu kwa kuiunga kwenye betri, kwani nyingi ni za volti chini ya 12.

Betri na nyaya

Betri ya volti 12 iliyopumzika usiku kucha ikiwa imejaa husoma volti 12.6 au zaidi, 12.2 ni karibu nusu, na nusu haitoshi kwenye baridi. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 9.6. Ikibaki juu ya 10 na bado injini inazunguka polepole, tatizo liko kwenye nyaya, stata au oili. Weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye mwili wa stata, piga stata: zaidi ya volti 0.3 ni dalili ya waya wa chasi mbovu. Ufungue, usugue kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi.

Kuazima moto: hakikisha betri zote mbili ni za volti sawa. Nyekundu kwenye chanya iliyolala, nyekundu kwenye chanya nzima, nyeusi kwenye hasi nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma cha injini isiyowaka, mbali na betri, kwa sababu gesi inayotoka kwenye betri hulipuka kwa cheche.

Oili na dizeli

Oili ya 15W-40 inafaa hadi kwenye nyuzi −15 hivi; chini ya hapo tumia 10W-30 au 5W-40 kama mtengenezaji anairuhusu. Dizeli ya majira ya joto huanza kutoa nta kwenye baridi, ikawa na ukungu, kisha ikaziba filta. Dawa ya kuzuia nta huwekwa kabla dizeli haijaganda. Baadaye haiyeyushi iliyokwisha ganda. Ikiganda, badilisha filta na upashe trekta ndani ya banda.

Usifanye haya

Usipulize etha kwenye injini yenye hita plagi, hita ya hewa au Thermostart. Etha huwaka yenyewe kwenye joto dogo sana. Ikikutana na ncha nyekundu inalipuka pistoni ikiwa bado inapanda, na ringi au pistoni hupasuka. Inaweza pia kulipukia kwenye manifoldi, usoni pako.

Usiunganishe miguu ya stata kwa bisibisi ukiwa umesimama chini. Njia hiyo inaruka swichi ya usalama, na trekta iliyo kwenye gia ikishika hutembea mara moja, tairi la nyuma likiwa mbele yako. Watu wamekufa hivyo.

Usiwashe moto chini ya sampu ya oili. Usiiache injini ikiunguruma kwenye banda lililofungwa.

Ikishashika

Shusha mafuta hadi mizunguko 1,000 hadi 1,200 kwa dakika na uangalie taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Ipe dakika 5, kumi kama kuna barafu. Moshi mweupe upungue ndani ya dakika moja au mbili. Usiinue jembe wala usiwashe PTO mapema: oili ya haidroli bado ni nzito na pampu inaweza kuvuta hewa, utaisikia ikilia.

Trekta ambayo plagi, betri na dizeli zake ni nzima lakini inawaka kwa shida kila baridi ikija, huku ikiwaka kirahisi ikiwa na joto, ipimwe kompresheni (shinikizo la hewa inayobanwa ndani ya silinda). Injini ndogo nzima za chemba ya awali hutoa bar 28 hadi 32 hivi. Kabla ya kufungua injini pima nafasi za valvu, kwani valvu iliyobana hupoteza kompresheni na marekebisho yake ni kazi ya saa moja.

Kwa kesho, jaza tanki jioni ili unyevu usigande kwenye kuta zake, mwaga maji kwenye kikombe cha filta, na kama injini ina hita ya bloku ya wati 400 hadi 1,000, ichomeke kwenye umeme saa 2 hadi 4 kabla ya kuwasha.